Kikopo cha Ganda la Mugomba: Kuotesha Karoti na Beterave bila Kuvunja Muzizi

Wamama na wababa, mutoto anayeona vizuri muchana, lakini jioni anajikwaa na hawezi kupata kijiko chake pa chini, si mutoto mujinga. Inawezekana mwili wake umekosa vitamini A. Ugonjwa huu ni upofu wa usiku. Asipopata msaada, jicho linakauka, kiisha kioo cha jicho kinapata kidonda na kuoza. Pale hakuna dawa ya kulirudisha. Tena mutoto aliyekosa vitamini A anashindwa upesi na surua na kuhara. Ukiona alama hizi, umulete hospitali siku ileile.

Vitamini A inatoka wapi? Mwili unaitengeneza kutoka vyakula hivi: mawese mekundu, sombe, lengalenga, papai iliyoiva, viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, na karoti. Watoto wanapenda karoti juu iko tamu. Lakini wamama wengi wanasema: "Karoti inakataa kwangu." Tuone sababu.

JUU YA NINI KAROTI INASUMBUA?

Mbegu yake ni ndogo sana. Inakaa ndani ya udongo siku 10 hata 20 mbele ya kuota. Katika siku hizo mvua kubwa inaibeba, kuku wanaparua, ao jua linafanya udongo kuwa mugumu juu yake.

Wengine wanaotesha karoti katika pepinieri kama kabichi, kiisha wanaichomoa na kuihamisha. Kabichi inavumilia, sababu tunakula majani yake. Lakini kwa karoti tunakula muzizi wenyewe. Ncha ya muzizi ikivunjika, karoti inaota miguu miwili ao mitatu, inajipinda, inabaki fupi.

Basi, kwa shamba kubwa, panda mbegu moja kwa moja katika mistari. Lakini kwa bustani ndogo ya nyumbani, pahali kila mbegu ina bei, kuna njia nyingine: kuotesha katika kikopo kinachooza, kiisha kuzika kikopo chote pamoja na muche. Muzizi hauguswi hata kidogo.

Mikebe na sashe za plastiki hazifai kwa kazi hii. Haziozi, ni lazima kuzitoa, na muzizi unavunjika. Kiisha zinatupwa nyuma ya nyumba, zinashika maji ya mvua, na mbu wanataga humo. Ganda la mugomba halina bei na linaoza lenyewe.

NAMNA YA KUFANYA VIKOPO

1. Chukua maganda makavu ya shina la mugomba. Yaloweshe katika maji saa moja, yasipasuke.
2. Kata vipande vyenye upana wa sentimeta 15 na urefu wa 30.
3. Zungusha kila kipande juu ya chupa ya limonadi. Funga kwa kamba ya mugomba pahali pawili. Usifunge kwa waya wala nailoni.
4. Toa chupa. Usifunge chini ya kikopo, muzizi upate njia.
5. Simamisha vikopo katika sanduku la mbao, kimoja karibu na kingine, visianguke. Viweke juu ya meza ao mawe, mbali na kuku.

Ukikosa ganda, gazeti la zamani linafaa, likizungushwa mara tatu. Usitumie karatasi yenye kung'aa.

UDONGO NA MBEGU

Changanya udongo mweusi sehemu mbili, muchanga sehemu moja, na mbolea iliyooza sawasawa sehemu moja. Chekecha mawe yote, kwa maana jiwe dogo linapasua karoti. Samadi mbichi inafanya mizizi kuwa na matawi. Na choo cha watu kisitumike kamwe katika mboga: mayai ya minyoo yanakaa muda murefu katika udongo, kiisha yanarudi katika mudomo wa mutoto.

Karoti: weka mbegu tatu ao ine katika kila kikopo, funika kwa udongo mwepesi usiopita sentimeta moja.

Beterave: lowesha mbegu usiku mumoja, weka moja tu, chini sentimeta mbili. Usishangae ukiona miche miwili ao mitatu kutoka mbegu moja. Kile tunachoita mbegu ya beterave ni mbegu kadhaa zilizoshikana. Inaota kwa siku 5 hata 10.

Funika vikopo kwa majani makavu hata miche itoke, kiisha ondoa majani. Mwagia maji kidogo kila siku, kwa mukono ao kwa mukebe wenye matundu. Miche ikifika urefu wa kidole, acha muche mumoja wenye nguvu. Mingine usiichomoe, ikate kwa makasi ao kwa ukucha.

KUHAMISHA

Usichelewe. Karoti inahamishwa ikiwa na majani mawili ao matatu ya kweli. Juu inaonekana ndogo, lakini chini muzizi wake kama uzi umekwisha kufika mbali. Beterave inaweza kungoja majani mane.

Lima bustani hata sentimeta 30 chini, udongo uwe laini. Jioni, mwagia vikopo maji, chimba shimo, shusha kikopo chote. Acha sentimeta 10 kati ya karoti, na 15 kati ya beterave. Mudomo wa kikopo usibaki juu ya udongo: ganda kavu linavuta maji kutoka chini na muche unakauka. Kata mudomo ao ufunike wote. Bega la karoti likitokea juu, lifunike kwa udongo, lisiwe na rangi ya majani.

Beterave inakuwa tayari kwa miezi miwili na nusu hivi, karoti kwa miezi mitatu hivi. Karoti inapenda baridi ya milima, kama Lubero na Masisi. Wenye kukaa katika inchi ya joto, wapande viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Hivi havihitaji kikopo. Kamba yake inazikwa moja kwa moja.

KUMULISHA MUTOTO

Tangu miezi sita, mupe karoti iliyopikwa na kupondwa, pamoja na kijiko kidogo cha mawese ao karanga zilizosagwa sana. Bila mafuta, mwili hauwezi kuchukua vizuri ile rangi inayogeuka vitamini A. Maziwa ya mama yaendelee.

Juu ya beterave, sikieni vizuri. Rangi yake nyekundu si vitamini A, na si damu. Vitamini A iko katika majani yake. Muyapike kama lengalenga. Kama mutoto ana vikanja vyeupe, anapumua mbio na hana nguvu, musimupe maji ya beterave na kungoja siku tatu. Umulete hospitali sasa. Malaria inaweza kumaliza damu yake katika siku chache.

Mutu akikojoa mukojo mwekundu kidogo kiisha kula beterave, asiogope. Lakini mukojo mweusi kama kahawa, pamoja na homa, ni hatari: aje mbio.

MUKUMBUKE

- Mizizi haipendi kuchomolewa; zika kikopo chote.
- Karoti inaliwa pamoja na mafuta.
- Bustani haichukui pahali pa kidonge cha vitamini A. Watoto wa miezi 6 hata miaka 5 wakipokee kila miezi sita.