Upimaji na Usimamizi wa Ubora wa Hewa katika Kaunti: Mfano wa Isiolo

Wahenga walisema kwamba penye moshi pana moto. Methali hii hulichukulia jicho kuwa shahidi wa kutosha. Katika suala la ubora wa hewa, hata hivyo, jicho ni shahidi dhaifu, kwa kuwa uchafu unaodhuru zaidi ni ule usioonekana. Makala haya yanaeleza jinsi serikali ya kaunti inavyoweza kuupima na kuudhibiti uchafu huo, kwa kurejelea mji wa Isiolo.

Msingi wa kazi hii ni sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, husimamia viwango vya kitaifa. Kanuni mahususi za ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2014.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha vyanzo. Isiolo iko katika eneo kame, ambako udongo mkavu hupeperushwa na upepo na kutifuliwa na mifugo pamoja na magari. Kwa miaka mingi lami ya barabara ya kaskazini ilikomea hapo. Katika miaka ya 2010 ilisogezwa hadi Moyale. Lami hupunguza vumbi, lakini barabara nzuri huvuta malori mengi zaidi, na malori huleta moshi wa dizeli. Pia kuna moshi wa kuni na makaa jikoni na ule wa taka zinazochomwa ovyo.

Hatua ya pili ni kupima. Wataalamu hugawa chembechembe za hewani katika makundi mawili makuu: zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10, na zile laini zisizozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa takribani mikromita 70. Kwa hiyo chembe laini ni ndogo kuliko unywele kwa karibu mara 30, na zinaweza kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Njia ya msingi ya kuzipima ni kuvuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, kisha tofauti hugawanywa kwa ujazo wa hewa iliyopita. Vipo pia vifaa vya bei nafuu vinavyotumia mwanga kuhesabu chembe, lakini sharti vilinganishwe kwanza na kipimo cha kuaminika, la sivyo unyevu wa hewa utavipotosha.

Matokeo hulinganishwa na viwango. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha wastani wa mwaka unaopendekezwa wa chembe laini kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Uwiano wa makundi hayo mawili nao una maana. Chembe laini zikiwa sehemu kubwa ya jumla, mshukiwa mkuu ni moshi; zikiwa sehemu ndogo, mshukiwa ni udongo. Katika mji kama Isiolo tofauti hii ni muhimu sana, kwa sababu vumbi la nyika huweza kufanywa kisingizio cha kuacha moshi wa taka uendelee.

Hatua ya tatu ni kudhibiti. Kila chanzo kina dawa yake: kumwagia maji barabara zinazojengwa, kufunika malori ya mchanga, kukusanya taka kwa wakati ili zisichomwe, na kuwawezesha wananchi kupata majiko yanayotoa moshi mchache. Baada ya hapo upimaji hurudiwa, kwani bila kipimo cha pili haijulikani kama dawa imefanya kazi.

Katika hatua zote hizi lugha ina nafasi yake. Katika mazungumzo ya kila siku, “kuchafua hewa” ni tafsida ya kutoa ushuzi, na “hewa chafu” huhusishwa na uvundo. Mwananchi anayeelezwa kwamba hewa ya jikoni mwake ni chafu huenda akainusa, akakosa uvundo, akapuuza. Katiba inataka umma ushirikishwe katika maamuzi ya kaunti, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ushirikishwaji huo hauwezi kukamilika iwapo matokeo ya vipimo yatabaki katika istilahi ambazo mama anayepika kwa kuni hazielewi. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kusanifu na kusambaza istilahi zinazotofautisha harufu, vumbi na chembe laini, kwani ni vigumu mtu kudai haki ya kitu asichoweza kukitaja.