Mlango wa Mashine ya Kufulia Ukigoma, Anzia Chini

Mlango wa mashine ya kufulia ukikataa kufunguka, mkono wa mwenyewe huenda moja kwa moja kwenye mpini. Anavuta, anavuta tena kwa nguvu zaidi, kisha anaita kijana mwenye misuli aje kusaidia. Mpini unakatika. Tatizo ambalo lingeisha kwa karai na taulo limegeuka kuwa safari ya kutafuta kipuri Kisumu au Nairobi. Msomaji wangu wa Kakamega, ninakuomba uache mpini kwanza. Mara nyingi mlango huo haujaharibika. Umefungwa kwa makusudi, na sababu ya kufungwa kwake iko chini kabisa ya mashine.

Mlango wa mbele una ndoano inayoingia kwenye kitasa kilichofichwa nyuma ya bamba, kwa kawaida upande wa kulia. Katika vitasa vingi kuna kidonge cha kauri kinachopata joto stima ikipita, na kando yake kibamba chembamba cha metali mbili zilizoshikanishwa. Metali hizo hazitanuki sawasawa, kwa hiyo kibamba kikipashwa joto hupinda. Kikipinda husukuma komeo na kuizuia ndoano isitoke, na wakati huo huo hufunga swichi inayoiruhusu mota kupata umeme. Ndiyo maana mashine haianzi kuzunguka mpaka mlango ukazwe. Kazi ikiisha, kidonge hupoa, kibamba hunyooka na komeo hurudi mahali pake. Hilo huchukua dakika 1 hadi 3, na anayevuta kabla ya hapo anapigana na kitasa kizima kabisa.

Mashine nyingi za kisasa zina kitasa cha namna nyingine, chenye koili. Mpigo mfupi wa umeme husogeza komeo, na mpigo mwingine hulirudisha. Kwetu sisi tofauti hii ni kubwa. Stima ikipotea, kitasa cha kidonge hupoa na kuachia chenyewe, lakini kitasa cha koili hubaki kilivyo mpaka stima irudi. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, mwenye kitasa cha koili na nguo ndani hakuwa na kitufe cha kumsaidia. Mambo huwa hayo hayo tokeni zikiisha katikati ya kufua. Nunua tokeni, subiri mashine iwake, kisha chagua programu ya kutoa maji na kukamua. Ikimaliza, itafungua yenyewe. Kama taa zote zinawaka lakini vitufe havisikii, tazama alama ndogo ya kufuli au uso wa mtoto. Huenda mtu amewasha kinga ya watoto, nayo katika mashine nyingi huondolewa kwa kubonyeza kitufe husika kwa sekunde chache.

Hata stima ikiwepo, mashine haifungui kabla ya kuridhika na mambo matatu: ngoma imesimama, maji hayana moto wa kuunguza, na maji hayo yameshuka chini ya usawa wa mlango. Jambo la maji ndilo linalosumbua nyumba nyingi.

Mashine haioni maji kwa macho. Kutoka chini ya pipa la ndani hupanda mpira mwembamba hadi kwenye kihisi kilicho karibu na kifuniko cha juu. Maji yakiingia hubana hewa ndani ya mpira huo, na kihisi husoma mgandamizo wa hewa hiyo. Tope la sabuni likiziba mpira, hewa hubaki imebanwa hata maji yakiwa yamekwisha, na mashine huamini bado imejaa. Povu nalo huleta shida yake, kwa sababu pampu iliyoundwa kusukuma maji haina nguvu juu ya povu.

Hapa Kakamega povu lina chanzo ambacho vitabu vya maelekezo havikitaji. Eneo letu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyumba nyingi za Lurambi, Amalemba na vijijini hukinga maji ya paa kwenye matangi. Maji ya mvua ni laini, hayana chumvi za chokaa zinazopunguza nguvu ya sabuni. Sabuni kidogo tu ndani yake hutoa povu jingi. Sasa chukua maji hayo laini, yatie kwenye mashine, ongeza kikombe kizima cha sabuni ya unga ambayo mama fua huitumia kwenye karai. Sabuni hiyo imetengenezwa kufua kwa mkono, na povu lake ni la kuridhisha macho. Katika ngoma inayogeuza nguo maelfu ya mara, povu hupanda mpaka kioo kinakuwa cheupe. Mashine inajaribu kutoa maji, inashindwa, inasimama, mlango unabaki umefungwa. Dawa ni kuzima na kuliacha povu litulie kwa saa moja hivi, kisha kuendesha suuza bila sabuni yoyote. Safari ijayo nunua sabuni iliyoandikwa kuwa ya mashine, na kama unatumia maji ya tangi anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kama si povu, tazama kichujio cha pampu. Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, na kama ulikuwa unafua kwa maji ya moto acha yapoe kwanza, maana kinachokuja kitakumwagikia mikononi. Chini ya mashine, mara nyingi pembe ya kulia, kuna kifuniko kidogo. Ndani yake utaona kizibo kikubwa cha plastiki, na katika mashine nyingi kando yake kuna kimpira chembamba chenye kizibo chake. Weka chombo kifupi, sinia pana au bakuli la chini, utandike taulo, uchomoe kizibo cha kimpira na kukinga maji kidogo kidogo. Kuwa na subira, lita 10 au zaidi zinaweza kutoka. Yakiisha, zungusha kizibo kikubwa polepole kuelekea kushoto. Humo ndimo zinamojificha sarafu za shilingi 5 na 10, vibanio vya nywele, misumari ya mfukoni, soksi ya mtoto na vipande vya karatasi za risiti. Ingiza tochi uangalie panga za pampu, uzigeuze kwa kidole. Zinatakiwa kuzunguka, hata kama kwa kusitasita. Osha kichujio, kikaze vizuri, washa, chagua kutoa maji. Angalia pia bomba la kutolea maji nyuma ya mashine. Likikunjwa na ukuta, matokeo ni yale yale.

Maji yameisha, mashine imepoa, umesubiri, na mlango bado umegoma? Rudi kwenye tundu la kichujio kabla ya kushika bisibisi. Mashine kadhaa zina kamba au ulimi wa plastiki pale, mara nyingi wa rangi ya machungwa au nyekundu, uliowekwa kwa dharura. Vuta taratibu kuelekea chini huku mwenzako akivuta mlango. Usivute kama bado unaona maji nyuma ya kioo.

Mashine isiyo na kamba hiyo inafunguliwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Upitishe kwenye mwanya kati ya mlango na bamba, upande wa kitasa, uzungushe nyuma ya ndoano, kisha uvute ncha zote mbili kuelekea upande wa bawaba. Katika mashine nyingi ndoano husogea na mlango huachia. Isipowezekana, fundi huondoa skrubu za nyuma zinazoshika kifuniko cha juu, hukiondoa, huinamisha mashine nyuma kidogo ili pipa lisogee, halafu hupenyeza mkono kutoka juu hadi mgongoni mwa kitasa na kusukuma komeo kwa kidole. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mashine ina uzito wa kilo 60 au 70, sehemu yake ikiwa zege la kuituliza, na kingo za bati ndani hukata kama wembe.

Kitasa kikiwa kimekufa kweli, aghalabu ni kwa sababu ya umeme. Ngurumo za alasiri zinazotoka upande wa Msitu wa Kakamega huleta radi na stima inayokatika na kurudi kwa kishindo. Mvua ikianza kunguruma, chomoa plagi. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Wanaotaka kifaa cha kulinda umeme wasome namba zake. Vile vidogo vya friji vingi ni vya ampea 5, ilhali mashine yenye hita ya wati 2,000 hunyonya zaidi ya ampea 8.

Kitasa kipya si ghali ukilinganisha na mashine, na kukifunga ni kazi ya nusu saa kwa fundi aliyezoea: kutoa waya unaobana mpira wa mlango, kufungua skrubu mbili, kuhamisha plagi ya nyaya. Mpe fundi kitasa cha zamani aende nacho dukani, kwa sababu namba iliyoandikwa mgongoni ndiyo inayolinganishwa, na umbo peke yake hudanganya.

Kuna jambo moja ambalo ninalipinga kwa moyo wangu wote. Kipuri kikikosekana, wapo mafundi wanaounganisha nyaya za kitasa moja kwa moja ili mashine ifanye kazi bila kujua kama mlango umefungwa. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 48 ikikamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilomita 108 kwa saa. Matatu zetu haziruhusiwi kupita 80. Mkono wa mtoto ukiingia humo, nguo zitauvuta kabla mtu mzima hajafika kwenye swichi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya jaribio hili mbele ya fundi. Acha mlango wazi, mikono mbali, ubonyeze kitufe cha kuanza. Mashine nzima italalamika kwa mlio au taa na haitageuza ngoma. Ngoma ikizunguka, chomoa plagi, umwambie arudishe nyaya zilivyokuwa na asubiri kitasa kifike.