Rangi za mimea zina soko, lakini si kila inayong'aa hudumu

MAGANDA ya vitunguu yanayofagiliwa mbali sokoni kila jioni, kokwa za parachichi zinazobaki baada ya kukamua mafuta na magome ya miwati kutoka Njombe, vyote vina matumizi ambayo wengi hawayafahamu. Vyote hutoa rangi ya kutia kwenye vitambaa, na kwa mjasiriamali mdogo ni malighafi ya bure au ya bei ndogo.

Hata hivyo, wengi wanaojaribu biashara hii hupoteza wateja mapema, si kwa kukosa soko bali kwa sababu rangi inachuja. Mteja akinunua mtandio wa njano leo, akakuta umepauka baada ya kufuliwa mara mbili, harudi tena wala hamshauri mwenzake anunue.

Usishindane na kiwanda

Mwaka 1856, William Henry Perkin, akiwa kijana wa miaka 18 jijini London, alitengeneza rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na katika miaka iliyofuata kilimo cha mnili nchini India kikaporomoka.

Tangu hapo, rangi ya mimea haijaweza kushindana na ya kiwandani kwa bei. Wanunuzi wake ni wale wanaotaka kitu tofauti: wabunifu wa mavazi, watalii, wachoraji na maduka ya zawadi. Hao wako tayari kulipa zaidi, lakini pia hudai ubora.

Mimea ya kuchagua

Kosa la kwanza ni kuvutiwa na rangi zinazong'aa haraka. Manjano hushika kitambaa bila taabu na kutoa rangi ya kupendeza, lakini jua huififisha upesi. Bitiruti haishiki kabisa. Huondoka na maji ya kufulia.

Mzingifuri nao una tatizo hilo. Wakulima wa Kwale, Kenya, wanaouita bixa, huulima kwa ajili ya mbegu zake nyekundu, ambazo hutumika zaidi kutia rangi vyakula kama siagi na jibini. Kwa kazi hiyo unafaa, lakini kwenye nguo inayoanikwa juani kila wiki rangi yake haidumu.

Inayofaa zaidi kuanzia ni maganda ya vitunguu, ambayo hutoa rangi ya dhahabu hadi kahawia. Kokwa na maganda ya parachichi, ambayo hutoa rangi ya waridi. Na magome ya miwati, ambayo hutoa kahawia.

Siri iko kwenye shabu

Rangi nyingi za mimea hazishiki pamba zenyewe. Huhitaji kishikizo, na kilicho rahisi na salama ni shabu. Kwa kilo moja ya kitambaa cha pamba kikavu, hatua ni hizi:

Kwanza, chemsha kitambaa kwa saa moja au mbili katika maji yenye sabuni na magadi soda kidogo, ili kuondoa mafuta na nta. Kitambaa kisichosafishwa hutoka na mabaka.

Pili, kiloweke usiku kucha katika maji yaliyochemshiwa magome ya miwati au maganda ya komamanga. Haya yana tanini, ambayo husaidia shabu kushikana na pamba.

Tatu, yeyusha gramu 150 za shabu katika maji ya moto, ongeza maji hadi yafunike kitambaa, kisha kiloweke tena usiku kucha.

Nne, chemsha gramu 500 hadi kilo moja ya maganda makavu ya vitunguu kwa saa moja. Chuja, tumbukiza kitambaa na endelea na moto mdogo kwa saa moja nyingine. Kiache kipoe humo humo, kisuuze na kukianika kivulini.

Anayetaka rangi iliyofifia kuelekea kijivu au kijani cha mzeituni aongeze maji kidogo ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki. Yakizidi, kitambaa hudhoofika na kuchanika. Aidha, sufuria za kazi hii zisitumike tena kupikia chakula.

Wanaotengeneza batiki wajihadhari: maji ya moto huyeyusha nta. Rangi hizi za kuchemsha zinafaa zaidi kwa vitambaa vinavyofungwa kwa kamba. Nili, ambayo haihitaji kuchemshwa, ndiyo inayoweza kutumika juu ya nta.

Pima kabla ya kuuza

Kata kipande cha kitambaa kilichotiwa rangi, funika nusu yake kwa ubao na ukiweke juani wiki mbili. Kingine kifue mara tano kwa sabuni ya kawaida. Tofauti ikionekana wazi, usiuze; rudia kazi ya shabu au badilisha mmea.

Vilevile, pima kila kitu kwa mizani na uandike kwenye daftari: uzito wa kitambaa, maganda, shabu, na muda wa kuchemsha. Mmea uleule hubadilika kwa msimu na udongo. Mteja akiagiza mitandio 50 ya rangi moja, daftari hilo ndilo litakalokuokoa. Ni vyema pia kuitia rangi yote kwa mkupuo mmoja kama sufuria inatosha.

Maji yanayobaki nayo yanaweza kuuzika. Ukiyatia shabu na kisha magadi soda kidogo kidogo, rangi hutuama chini kama tope. Likichujwa, kukaushwa na kusagwa huwa unga ambao wachoraji huchanganya na gundi ya mgunga kupaka kwenye karatasi. Unga huo huhifadhika muda mrefu na ni mwepesi kusafirisha.

Gharama ya kuangalia sana ni kuni na maji. Jiko banifu na kutumia maji ya shabu zaidi ya mara moja, kwa kuongeza shabu kidogo kila mara, hupunguza mzigo. Anayeanza ajaribu kilo moja na mmea mmoja, aujue vizuri, ndipo aongeze wa pili. Rangi tatu zisizochuja zina thamani kuliko kumi zinazopauka mikononi mwa mteja.