Chenso Uliyonunua kwa Jasho la Lusail: Isife kwa Mnyororo Butu

Wengi wetu hapa Lusail, iwe uko saiti, kwenye bustani za barabarani au kwenye nyumba za watu, tumewahi kutuma hela ya kununua kitu cha kuzalisha nyumbani. Kuna aliyenunua bodaboda, kuna aliyenunua cherehani. Na kwa wanaotoka sehemu za miti, kama Mufindi, Njombe au Uasin Gishu, kuna aliyemnunulia mdogo wake au mumewe chenso, yaani msumeno wa mnyororo.

Ni mradi mzuri. Kazi ya kuangusha miti na kupasua mbao ipo. Lakini baada ya miezi michache simu zinaanza. "Kaka, mnyororo umeisha." Unatuma. "Dada, lile bamba limeharibika." Unatuma. Mwisho unaambiwa injini imekufa, inatakiwa mashine nyingine.

Tunachotaka kusema leo ni hiki: injini ya chenso mara nyingi haifi yenyewe. Inauliwa polepole na mnyororo butu, bamba lililochakaa na oili isiyofika. Na haya matatu unaweza kuyakagua ukiwa hapa hapa Lusail, kwa simu yako.

Pima spea kwa siku zako za kazi

Tangu 20 Machi 2021, kima cha chini cha mshahara wa msingi hapa Qatar ni riali 1,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama riali 38. Kwa hiyo ukiambiwa bei ya bamba au mnyororo, igeuze kwanza iwe riali, halafu iwe siku. Utaona haraka kuwa tupa moja ya kunolea ni hela ndogo sana ukilinganisha na kununua mnyororo mpya kila mara.

Cha kwanza: uliza vumbi la mbao likoje

Mnyororo mkali unatoa vipande vidogo vya mti, kama chenga. Mnyororo butu unatoa unga. Mkali unajivuta wenyewe ndani ya gogo. Butu, mtu inabidi aegemee mashine kwa uzito wake wote, na hapo ndipo bamba linapata moto, klachi inaungua na injini inateseka.

Kwa hiyo mwambie akupigie picha ya vumbi la kazi ya leo. Ukiona unga, usitume hela ya mnyororo bado. Uliza kama una tupa, na ni tupa gani.

Tupa ya kunolea ni ya duara, na saizi yake inafuata mnyororo. Mnyororo wa 3/8 ile ndogo, wa mashine nyepesi, unatumia tupa ya milimita 4. Wa .325 unatumia milimita 4.8. Wa 3/8 kubwa ni 5.2 au 5.5, kutegemea aliyeutengeneza, kwa hiyo asome kwenye pakiti. Wa .404, ule wa mashine kubwa za kupasulia, ni 5.5. Tupa isiyo saizi yake inaharibu jino badala ya kulinoa.

Kunoa kwenyewe si uchawi. Azime injini, achomoe waya wa plagi na avae glavu. Asukume tupa upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, asiirudishe ikiwa inagusa jino. Kwa mnyororo wa kawaida wa kukata gogo kwa kukingama, pembe ni nyuzi 30. Ule uliotengenezwa kwa kupasua mbao kwa urefu huwa na nyuzi 10. Aanze na jino fupi kuliko yote, mengine yalingane nalo. Meno ya kulia yakiwa marefu kuliko ya kushoto, msumeno unakata kwa kupinda na mbao zinakataliwa na mteja.

Mbele ya kila jino kuna kidole kifupi kinachopima jino lizame kiasi gani. Kwa minyororo mingi kinatakiwa kuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Jino likinolewa mara kadhaa linashuka, kwa hiyo kidole nacho kinapunguzwa kidogo kwa tupa bapa, kwa kutumia kipimo chake. Wapo wanaokikata sana ili mashine "ile haraka". Huko ni kutafuta ajali, maana mashine inaruka na kumrudia mtu usoni.

Cha pili: bamba lipinduliwe

Bamba ni lile chuma refu linalobeba mnyororo. Upande wa chini ndio unaofanya kazi zaidi, kwa hiyo lisipopinduliwa linaisha upande mmoja. Kila mnyororo unaponolewa au kubadilishwa, bamba ligeuzwe, la chini liwe juu. Hii haigharimu hata senti.

Wakati wa kuligeuza, asafishe mfereji kwa kitu chembamba, azibue na tundu la oili. Pembeni mwa mfereji huota makali membamba ya chuma. Ayasawazishe kwa tupa bapa. Halafu apime kina cha mfereji. Kwa mnyororo wa 3/8 ndogo kisipungue milimita 5, kwa .325 na 3/8 kubwa milimita 6, kwa .404 milimita 7. Chini ya hapo meno ya chini ya mnyororo yanagusa sakafu ya mfereji, na bamba hilo limekwisha kweli.

Mnyororo ukiyumba kulia na kushoto ndani ya mfereji, ujue mfereji umepanuka. Fundi mzoefu anaweza kuubana tena kama kina bado kipo. Uliza hilo kabla ya kutuma hela ya bamba jipya.

Na ile sproketi inayozungusha mnyororo? Mwenye bodaboda analijua hili: ukifunga cheni mpya kwenye sproketi iliyolika, cheni inakufa haraka. Kwenye chenso ni hivyo hivyo. Kanuni ya kawaida ni sproketi moja kwa minyororo miwili, au mapema zaidi kama alama za kulika zimepita nusu milimita.

Cha tatu: oili na mkazo

Kipimo cha oili ni rahisi. Awashe mashine, aelekeze ncha ya bamba karibu na kitu cheupe kama kisiki kilichokatwa sasa hivi, bila kukigusa, kisha avute moto. Mstari wa oili ukionekana, inafika. Usipoonekana, asiendelee na kazi. Na oili chafu iliyomwagwa kwenye gari isitumike. Ina chembe za chuma zinazosaga bamba na pampu, na si salama kwa ngozi.

Mnyororo ukazwe ukiwa umepoa. Ncha ya bamba inyanyuliwe, mnyororo uguse bamba upande wa chini, lakini bado uvutike kwa mkono wenye glavu. Mnyororo mpya hurefuka mapema, kwa hiyo ukaguliwe mara kwa mara siku ya kwanza. Jioni baada ya kazi ulegezwe, kwa sababu ukipoa unajikaza, na unaweza kuharibu shafti na beringi.

Ukitaka kutuma spea badala ya hela

Wengine hupita Sanaiya kutafuta spea za kubeba likizo. Sawa, lakini usinunue kwa kukisia. Karibu na shina la bamba kuna maandishi: urefu, saizi ya mnyororo na unene wa mfereji, ambao huwa milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Idadi ya meno ya chini ya mnyororo nayo ihesabiwe. Kimoja kikikosewa, umebeba chuma chakavu. Kwenye ndege, minyororo na tupa viende kwenye begi kubwa, si la mkononi. Mashine iliyowahi kutiwa petroli mashirika mengi hayaipokei.

Utaratibu wa hela

Chenso ijilipie spea zake. Kubalianeni kwamba kwenye kila kazi sehemu fulani inabaki kwa ajili ya mnyororo, oili na tupa, kabla mtu hajala. Liwepo daftari: tarehe, kazi, petroli, siku ya kunoa, spea na bei. Ikibidi utume kutoka huku, lipa moja kwa moja kwenye namba ya duka na uombe picha ya risiti pamoja na spea ya zamani. Hiyo haimaanishi humwamini ndugu yako. Inamlinda yeye pia, siku shemeji au mama akiuliza hela zimekwenda wapi.

Hakikisheni pia usajili na vibali viko sawa kwa TFS kama ni Tanzania, KFS kama ni Kenya, au NFA kama ni Uganda. Na kabla ya mnyororo mpya, nunua kofia, miwani, buti na suruali ya kinga. Mtu akiumia, hela yako ya akiba ndiyo itakayolipa hospitali.

Saa ya Doha na ya Dar, Nairobi na Kampala ni moja, kwa hiyo hakuna kisingizio cha "nilikuwa nimelala". Ijumaa hii ukipiga simu ya video, omba kuona vitu vitatu: vumbi la mbao, mfereji wa bamba na sproketi. Ukishaviona, ndipo mzungumze habari za hela.