Runinga ilivyovunja ujirani wa vyuo Marekani

MJI mdogo wa Pullman, uliozungukwa na mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington nchini Marekani, si mgeni masikioni mwa Wakenya wanaofuatilia riadha. Katika Chuo Kikuu cha Washington State, kilichoko mjini humo, ndiko alikosomea Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Samson Kimobwa, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, alipitia huko, na miaka mingi baadaye akafuata Bernard Lagat.

Mnamo Juni 2025, chuo hicho kilitangaza kwamba kinaondoa michezo ya kuruka na kurusha katika timu yake ya riadha, na kupunguza nafasi za wanariadha wa mbio fupi na wa kuruka viunzi. Mbio za masafa marefu, zile zile zilizokijengea jina, ndizo zilizonusurika.

Anayetaka kuelewa kilichokifikisha chuo hicho hapo hana budi kuiacha riadha kando kwa muda na kutazama mchezo ambao Wakenya wengi hawaufuatilii: kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye ncha mbili ambao huchezwa zaidi kwa mikono na ambao una undugu na raga kuliko soka. Katika vyuo vikuu vya Marekani, mchezo huo, ukisaidiwa na mpira wa vikapu wa wanaume, ndio unaoleta fedha. Riadha, kuogelea, tenisi na mieleka aghalabu hula kutoka chungu hicho hicho. Ufadhili wa masomo ambao umewavusha bahari vijana wengi kutoka Bonde la Ufa unategemea chungu hicho pia.

Fedha zenyewe hupitia miungano ya vyuo. Muungano wa aina hii si ligi tu ya kupanga ratiba. Ni chama cha vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe, vinavyouza kwa pamoja haki za kupeperusha mechi zao, kisha kugawana mapato. Mwanzoni ulikuwa ujirani. Muungano unaojulikana leo kama Big Ten ulianzishwa 1896 na vyuo saba vya eneo la kati-magharibi. Ule wa Pasifiki, ambao ungekuja kuitwa Pac-12, una mizizi inayofika 1915, ambapo vyuo vinne vya California, Oregon na Washington vilikubaliana kushindana. Timu zilisafiri kwa garimoshi, na mashabiki wa pande mbili walikuwa watu waliokutana kazini Jumatatu na kutaniana.

Kwa miaka mingi runinga haikuwa na nguvu ya kuvuruga ujirani huo, kwa sababu ilidhibitiwa. Tangu 1952, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, ndicho kilichoamua ni mechi zipi zingeonyeshwa na kila timu ingeonekana mara ngapi. Hofu yake ilikuwa kwamba mashabiki wangebaki majumbani na viwanja vibaki vitupu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980, timu haikuruhusiwa kuonyeshwa kote nchini na kimaeneo zaidi ya mara sita katika miaka miwili.

Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani kupinga masharti hayo. Mnamo Juni 27, 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba NCAA ilikuwa ikivunja sheria za ushindani wa kibiashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye katika ujana wake alikuwa nyota wa kandanda katika Chuo Kikuu cha Colorado. Alihofia kwamba soko huru lingeigeuza michezo ya wanafunzi kuwa biashara tupu. Ni vigumu kumsoma leo bila kukiri kwamba aliona mbali.

Matokeo hayakuja mara moja. Mechi zilifurika runingani na bei ikashuka kwanza. Hata hivyo, vyuo vyenye majina vilitambua kwamba sasa bidhaa ilikuwa mikononi mwao. Mwaka 1991, Notre Dame ilianza kuonyesha mechi zake za nyumbani kupitia NBC kwa mkataba wa peke yake. Mwaka uliofuata, muungano wa kusini-mashariki, SEC, uliongeza wanachama hadi 12, ukajigawa mara mbili na kuandaa fainali yake, mechi moja ya ziada ya kuuzwa.

Hatua iliyobadilisha ramani kabisa ilikuja 2007, wakati Big Ten ilipofungua kituo chake cha runinga. Nyumba zilizolipia runinga ya kebo katika eneo la muungano zilichangia kituo hicho kila mwezi, hata kama hakuna mtu nyumbani aliyekitazama. Hesabu ikawa rahisi: kadiri muungano unavyoingia katika miji mikubwa zaidi, ndivyo unavyopata walipaji wengi zaidi. Ndiyo sababu mwaka 2014 Big Ten ilivikaribisha Rutgers, kilicho jirani na New York, na Maryland, kilicho kando ya jiji kuu la Washington. Hakuna aliyedai kwamba Rutgers ilikuwa timu kali. Ilichokuwa nacho ni majirani wengi wenye runinga.

Kuanzia hapo mambo yalienda kasi. Julai 2021, Texas na Oklahoma zilikubali kuhamia SEC. Juni 30, 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhama Pac-12 na kujiunga na Big Ten, ambayo ngome yake iko zaidi ya kilomita 2,500 kutoka kwao. Wiki chache baadaye Big Ten ikatia saini mikataba ya miaka saba na Fox, CBS na NBC, iliyoripotiwa kuzidi dola 7 bilioni, yaani takriban Sh900 bilioni kwa viwango vya 2025.

Pac-12 ikabaki na vyuo kumi, bila Los Angeles, na mkataba wake wa runinga ukielekea ukingoni. Iliripotiwa kwamba ESPN ilikuwa tayari kutoa takriban dola 30 milioni kwa kila chuo kwa mwaka, na kwamba wakuu wa vyuo walitaka 50. Mazungumzo yakavunjika. Muungano wa Big 12, ambao wengi walidhani ungekufa kwanza baada ya kuwapoteza Texas na Oklahoma, ukaruka foleni na kufunga mkataba wake na ESPN na Fox mnamo Oktoba 2022. Aliyechelewa akakuta sahani imefunikwa. Kilichobaki mezani kwa Pac-12 ni pendekezo la kampuni ya Apple, lenye malipo ya msingi madogo na ahadi ya nyongeza iwapo watu wengi wangejisajili kutazama kwenye intaneti.

Julai 2023 Colorado ikaondoka. Asubuhi ya Agosti 4, viongozi wa vyuo tisa vilivyosalia walitarajiwa kutia saini pendekezo hilo la Apple. Kabla ya jua kutua siku hiyo, Oregon na Washington zilikuwa zimekwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah zimekwenda Big 12. Oregon na Washington zilikubali karibu nusu ya mgao wanaopata wanachama wengine, jambo linaloonyesha hofu ilivyokuwa imetanda. Mwezi uliofuata Stanford na California, vyuo vinavyotazamana na Ghuba ya San Francisco, vilijiunga na muungano unaoitwa wa Pwani ya Atlantiki, kwa asilimia 30 tu ya mgao kamili. SMU ya Dallas ilikubali kujiunga nao bila kupata mgao wa runinga kwa miaka tisa.

Vilivyoachwa ni viwili: Oregon State, ambacho kilikuwa miongoni mwa waasisi wa 1915, na Washington State. Havikuachwa kwa kushindwa uwanjani. Vimo katika miji ya Corvallis na Pullman, ambako wakazi ni wachache na nyumba za kulipia runinga ni chache vivyo hivyo. Washington, chuo jirani kilichohamia Big Ten, kilitwaa ubingwa wa Pac-12 katika msimu wake wa mwisho na kufika fainali ya kitaifa Januari 2024, kiliposhindwa na Michigan 34-13. Mchezo wenyewe, kwa maneno mengine, haukuwa mgonjwa.

Vyuo viwili hivyo vilikwenda mahakamani, na Novemba 2023 jaji wa mji mdogo wa Colfax, kilomita chache kutoka Pullman, akaamua kwamba ndivyo vyenye haki ya kuendesha muungano na mali yake. Ushindi huo uliviokolea fedha, lakini timu mbili haziwezi kuunda ligi. Kwa msimu wa 2024 vililazimika kununua ratiba kutoka kwa muungano wa Mountain West kwa takriban dola 14 milioni.

Hapa ndipo mazoezi ya majira ya machipuko yanapoingia. Kati ya Machi na Aprili, timu za kandanda za vyuo huruhusiwa vipindi 15 vya mazoezi, miezi mitano kabla ya msimu, na kwa desturi hukamilisha kwa mechi ya wao kwa wao. Kwa mtazamaji wa nje ni jambo dogo. Lakini Aprili 2007, mashabiki 92,138 walijaza uwanja wa Alabama kutazama mazoezi ya kwanza ya kocha Nick Saban, na mwaka 2016 Ohio State ilivutia zaidi ya watu 100,000. Ilikuwa sikukuu ya familia zisizomudu bei ya tiketi za msimu.

Tangu Julai 2021 wachezaji wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na sheria za uhamisho zikalegezwa wakati uo huo. Mechi ya machipuko ikawa mnada. Mapema 2025 kocha wa Nebraska, Matt Rhule, alieleza kwamba baada ya mechi yao ya mwaka uliotangulia kuonyeshwa runingani, wachezaji wake walianza kutongozwa na timu nyingine. Nebraska ikaifuta, na Texas nayo ikaachana na mechi yake ya kawaida. Aprili mwaka huo, Nico Iamaleava, mchezaji tegemeo wa Tennessee, alikosa mazoezi siku moja kabla ya mechi ya machipuko katikati ya mvutano kuhusu malipo. Timu ikamwacha, akaenda UCLA. NCAA baadaye iliondoa dirisha la uhamisho la Aprili na kubakisha moja tu, Januari 2 hadi 16 kwa mwaka 2026.

Pullman imeonja hali hiyo mara kadhaa. Cam Ward alitoka hapo kwenda Miami, kisha akawa mchezaji wa kwanza kuteuliwa na ligi ya kulipwa mwaka 2025. Aliyemrithi, John Mateer, alikwenda Oklahoma. Kocha Jake Dickert aliondoka Desemba 2024, na aliyemfuata, Jimmy Rogers, akadumu msimu mmoja.

Pigo lililogusa moja kwa moja michezo mingine lilikuja Juni 6, 2025. Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha maafikiano ambayo kwayo wanamichezo wa zamani watalipwa takriban dola 2.8 bilioni kwa kipindi cha miaka kumi, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji wa sasa moja kwa moja. Kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza kiliwekwa dola 20.5 milioni kwa kila chuo, yaani karibu Sh2.6 bilioni. Ni haki yao, na imechelewa mno, kwa kuwa jasho lililouzwa kwa mabilioni lilikuwa lao. Lakini chuo chenye mgao mkubwa wa runinga kinalipa kutoka ziada, ilhali kile kilichopoteza mkataba kinatafuta wa kumpunguzia.

Ndani ya maafikiano hayo mna kipengele ambacho wazazi na makocha wa Iten wangefaa kukisoma kwa makini. Idadi ya ufadhili wa masomo kwa kila mchezo haina tena ukomo. Kilichowekewa ukomo ni ukubwa wa kikosi. Kwa riadha ni wanamichezo 45, kwa mbio za nyika 17. Kinadharia, chuo tajiri sasa kinaweza kumfadhili kila mwanariadha wa kiume kikosini, badala ya kugawanya ufadhili 12.6 kama zamani. Chuo maskini hakina kizuizi ila mfuko wake, na mkimbiaji asiyeingia katika idadi hiyo hana nafasi hata akijilipia mwenyewe.

Pac-12 yenyewe haikuzikwa. Boise State, San Diego State, Fresno State, Colorado State, Utah State na Texas State, pamoja na Gonzaga isiyocheza kandanda, zilikubali kujiunga nayo kuanzia Julai 2026, kwa mikataba na CBS, CW na USA Network ambayo haikaribii ile ya Big Ten. Mkataba wa Big Ten unamalizika 2030, wa Big 12 mwaka unaofuata. Mwanariadha anayeingia chuoni Agosti 2026 kwa masomo ya miaka minne atakuwa akihitimu wakati ambapo kampuni za runinga zimeketi tena kuamua ni vyuo vipi vina thamani.