Kabla Hujalipulizia Gari Lako Rangi Nzito

Pikapu ya Dabani haina siku ya mapumziko. Asubuhi hubeba mchanga au matofali, mchana magunia ya mihogo, na pengine jioni hurejea kutoka mwalo wa Majanji ikiwa na samaki waliofunikwa kwa barafu. Mawe hukwaruza bati, maji hujipenyeza penye mikwaruzo, na kutu huanza kula chuma pole pole. Kwa sababu hiyo wapo wenye magari wanaoona nafuu katika rangi nzito ya kupuliza: rangi ya jamii ya plastiki ambayo ikikauka huwa ngumu kama soli ya kiatu, na uso wake huparuza mkono kama msasa. Ilitengenezwa kwa ajili ya kukinga sehemu ya nyuma ya pikapu inayobeba mizigo, lakini wapo wanaoipuliza gari zima, tena nyumbani, kwa kompresa ya kukodi.

Sisi wa dawati la uhusiano wa jamii hatuna neno dhidi ya kazi hiyo. Mtu kuitunza mali yake ni jambo la kusifiwa. Tunaandika kwa sababu rangi hii hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hukinga chuma, na hufunika alama. Jambo la kwanza ni la mwenye gari. La pili linatuhusu sote tunaoishi mpakani.

Gari hutambulikaje?

Kila gari lina utambulisho wa aina tatu: namba za usajili zilizo kwenye vibao, namba za chesi na injini, na maelezo yaliyomo katika hati ya usajili, ambayo wengi huiita logibuku. Rangi ya gari ni mojawapo ya maelezo hayo. Vibao huweza kung'olewa kwa bisibisi, na rangi huweza kubadilishwa kwa usiku mmoja. Lakini namba ya chesi imegongwa katika chuma chenyewe, na kwa hiyo ndiyo ushahidi tunaouamini zaidi. Katika pikapu na malori mengi yaliyoundwa Japani, namba hiyo hupatikana kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele la upande wa kulia.

Rangi ya kawaida ikipita juu ya namba hiyo, mara nyingi tarakimu bado husomeka. Rangi nzito huzijaza tarakimu na kuzisawazisha na chuma. Kuibandua nako si kazi nyepesi; hukwanguliwa kwa nguvu au husagwa kwa mashine, na mashine hiyo yaweza kuidhuru namba yenyewe. Hapo mwenye gari halali hujikuta na chesi iliyochubuliwa, na hiyo ndiyo dalili ambayo askari hufundishwa kuitafuta katika magari ya wizi.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye pikapu nyeupe. Mwishoni mwa wiki anaipuliza nyeusi uani kwake, na Jumatatu anavuka Busia akiwa na shehena ya mahindi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Busia mwezi Februari 2018, gari husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, na maofisa wa Uganda na Kenya hulihudumia mahali pamoja. Hati inasema nyeupe. Macho yanaona nyeusi. Ofisa anainama kuitafuta namba ya chesi, na anachokiona ni rangi tupu. Ofisa huyo haruhusiwi kukisia. Atalizuia gari hadi ukweli uthibitike, na mahindi yatakaa juani huku mnunuzi akitafuta muuzaji mwingine. Mkulima yule hakuiba chochote, lakini alama ambazo zingemtetea amezifunika kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nasi tungependa mwiba huo usimchome mtu.

Hatua tunazoshauri

Kwanza ni hati. Sheria za usajili za nchi zetu zote mbili humtaka mwenye gari amjulishe msajili maelezo ya gari yanapobadilika. Nchini Uganda jambo hili huendeshwa na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Nchini Kenya huendeshwa na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Uliza utaratibu, malipo na ukaguzi unaohitajika kabla hujanunua rangi. Piga picha za gari kabla ya kazi na baada yake, na usivuke mpaka kabla ya kuwa na hati mpya au uthibitisho wa maombi yako. Kupuliza ndani ya sehemu ya mizigo pekee kwa kawaida hakubadilishi rangi ya gari iliyosajiliwa, na kwa wengi hiyo ndiyo kinga inayotosha.

Pili ni alama. Funika kwa gundi ya karatasi namba ya chesi, namba ya injini na kibati cha mtengenezaji. Ufunike pia taa, vibao vya namba, viakisi mwanga, na kwa malori maandishi ya uzito yaliyo ubavuni. Lori jeusi lisilo na viakisi, likiharibika usiku katika barabara ya Tororo, ni kaburi linalomngoja mwendesha boda boda. Gundi hiyo ibanduliwe kabla rangi haijakauka kabisa, la sivyo itang'oka na vipande vya rangi.

Tatu ni chaguo la rangi. Jiepushe na rangi inayolifanya gari lifanane na la jeshi au la polisi. Mfanano huo huwatisha raia na humletea mwenye gari maswali katika kila kizuizi.

Nne ni kazi yenyewe. Rangi nzito haiponyi kutu. Kutu iliyofunikwa huendelea kula chuma gizani. Iondoe yote, osha mafuta kwa sabuni, piga msasa uso mzima, kisha paka praima penye chuma tupu. Changanya rangi na kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, wala usikadirie kwa macho. Fanya kazi siku kavu, umande ukishakauka, kwa maana unyevu huifanya rangi itoe mapovu.

Tano ni afya, na hapa tunaomba usikilizwe kila neno. Vigumishi vya rangi nyingi za jamii hii vina kemikali ziitwazo isosayaneti. Mvuke wake huweza kumtia mtu pumu, na akishapata madhara hayo, hata kiasi kidogo baadaye huweza kumbana pumzi. Kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii mvuke huo. Panahitajika kinyago chenye vichujio vya mvuke wa rangi, miwani, glavu na nguo za kufunika mwili. Usipulize ndani ya chumba. Watoto, mifugo na jiko la mkaa viwe mbali, kwani mvuke wa rangi na wa tina hushika moto upesi. Asiye na vifaa hivyo ampelekee fundi aliye navyo.

Neno kwa mafundi na majirani

Fundi anayeletewa gari usiku na mtu asiye na logibuku, anayetaka hasa fremu ipulizwe haraka, ana haki ya kukataa. Tunawashauri mafundi wawe na daftari: tarehe, namba za gari, namba ya chesi, jina na kitambulisho cha aliyelileta. Daftari hilo humlinda fundi siku gari litakapotafutwa.

Majirani mkiona jambo la kutilia shaka, msimpige mtu wala msichome gari. Mwarifuni mwenyekiti wa kijiji au chifu, au pigeni 999 au 112, namba zinazotumika pande zote mbili za mpaka.

Nasi tuna wajibu wetu. Askari anapolikagua gari lako, akueleze sababu, na hapaswi kupokea fedha mkononi ili akuachie. Ukiombwa fedha, chukua jina lake na ufike kituoni kwetu. Tunakuomba uache namba zako wazi ili tukutambue; nawe una haki ya kututambua sisi.