Mkulima Anapotoka Kitandani



Mtu wa ofisi akiugua, kiti chake humngoja. Mkulima akiugua, shamba lake halimngoji. Karafuu zikishakomaa hazijui kwamba mwenye shamba yuko hospitali. Zisipochumwa kwa wakati wake hufunguka mtini na thamani yake hupotea. Kwa hivyo tumeonelea vyema mara hii tueleze msaada alio nao mzazi anayejitegemea kwa kazi yake mwenyewe, anaporudi kazini baada ya maradhi, na msaada asiokuwa nao. Khabari hizi ni bora zijulikane mtu angali mzima.

Tutazame kwanza Bara, ambako wakulima wenzetu wana shida ile ile ijapokuwa hawana karafuu. Busi ni kata katika Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma. Nchi ile ya kati ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kiasi cha Disemba mpaka Aprili. Tuseme yuko mama mmoja huko, mwenye watoto wanne, anayelima mahindi na mtama wa chakula na alizeti ya kuuza. Mwezi wa Januari akapasuliwa tumbo, na daktari akamkataza kazi nzito. Machi yuko nyumbani, amepona, lakini akilishika jembe nusu saa hukaa chini. Miezi aliyolala ni miwili. Hasara yake ni ya mwaka mzima, kwani mvua nyingine haiji mpaka Disemba. Je, mama huyu ana haki gani?

Kwanza ni matibabu. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa huko Bara, kaya ya watu sita iliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka, ipate kutibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini bima hulipa dawa na daktari. Hailipi mtu wa kupalilia shamba.

Pili ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira ya Bara ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 126 katika kila miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Hii ni haki ya mwenye mwajiri. Mama wetu ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa, basi nani amlipe? Kadhalika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ni wa walioajiriwa.

Tatu ni NSSF, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mtu aliyejiajiri anaweza kujiandikisha na kuchangia. Mafao yake makubwa ni ya uzee, ya ulemavu, na ya warithi mwanachama akifa. Pensheni ya ulemavu humtaka mtu awe amepoteza thuluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia riziki. Mama wetu hakufika huko, naye anamshukuru Mungu kwa hilo. Ila kwa kuwa hakufika huko, hapati.

Nne ni TASAF, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa ikilipa ruzuku kwa kaya maskini, pamoja na sharti la watoto kupelekwa kliniki na shule. Lakini kaya huchaguliwa kwa umaskini wake wakati wa kuandikisha. Haiingizwi kwa sababu mama ameugua Januari.

Basi pengo liko wazi. Ipo huduma ya anayelala kitandani, lipo fao la asiyeweza tena, ipo pensheni ya mzee. Aliyepona nusu, anayetaka kurudi kazini na ana watoto wa kulisha, hana lake.

Na sisi Visiwani? Matibabu ya Serikali bila ya malipo yalitangazwa Machi 1964. ZSSF iliundwa kwa sheria ya mwaka 1998, na baadaye ikafungua mfuko wa hiari ambao mkulima, mvuvi na mchuuzi wanaweza kujiwekea. Aprili 2016 ilianza pensheni ya wazee wote waliofikia miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. TASAF iko Unguja na Pemba. Kwa aliyeanguka mkarafuu akichuma, ZSTC imewahi kutoa fidia. Lakini aliyelazwa kwa maradhi ya kawaida, akatoka dhaifu katikati ya msimu, yuko pale pale alipo yule mama wa Busi.

Sababu si kwamba jambo haliwezekani. Uingereza, ilipoanza bima yake ya taifa mwaka 1948, iliwaingiza waliojiajiri: walitoa mchango wao kila wiki, na wakiugua walipata fedha za ugonjwa, ijapokuwa hawakupata za kukosa kazi. Ugumu ni mambo matatu. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kutoa nusu ya mchango. Pato lake huja kwa msimu, si kwa mwezi. Na hapana msimamizi wa kuthibitisha kwamba kweli ameacha kazi. La tatu daktari anaweza kulithibitisha. La kwanza na la pili yanataka mipango, na mipango inaweza kuanza kwetu.

Kwa hivyo tunawashauri wanachama haya:

1. Ukiuza karafuu, weka fungu la akiba ya maradhi siku ile ile, kabla fedha hazijafika nyumbani.

2. Kila ulazwapo, omba cheti cha hospitali chenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, ukihifadhi. Bila ya karatasi hapana dai.

3. Hali ya nyumba ikibadilika kwa maradhi, mwarifu sheha mapema, na uhudhurie mikutano ya shehia majina ya kaya yanapojadiliwa.

4. Mzazi asifiche ugonjwa wake kwa kuona haya. Mtoto anayetolewa skuli ili akachume badala ya baba yake ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko sote.

Tena tunaleta shauri moja kwa matawi yote. Kila tawi liwe na daftari la wanachama walio tayari kutoa siku mbili za kuchuma na kuanika kwa mwenzao aliyetoka kitandani, katika msimu wake wa kwanza tu. Karafuu zibaki zake, naye atalipa kwa siku zake mwenzake atakapougua. Tunaomba matawi yalizungumze shauri hili kabla ya mchumo ujao, na yatuletee majibu.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.